Namna ya Kuungua Vizuri: Mwongozo wa Tiba ya Madoa ya Jua

Tiba ya ngozi iliyoharibiwa na jua ina tabia moja ambayo hakuna daktari anayeweza kuificha: inakuharibu sura kwanza. Unaingia kliniki na madoa matatu ya magamba kwenye paji la uso, unatoka na malengelenge. Au unarudi nyumbani na tyubu ndogo ya krimu, na baada ya wiki mbili uso mzima ni mwekundu, unawaka, unachubuka, na abiria wa daladala wanakuachia siti nzima peke yako. Hapo ndipo wengi wanapoitupa dawa. Wanaitupa wakati uleule ambao imeanza kufanya kazi.

Mwongozo huu umeandikwa ili wewe usiitupe. Nimewaandikia hasa wenzangu wenye ualbino, maana sisi ndio tunaojaza mabenchi ya kliniki hizi kuanzia Moshi hadi Mwanza. Unamfaa pia mzee wa Kizungu aliyekuja kufundisha sekondari akazeekea hapa, na padri aliyetembea vigangoni miaka mingi bila kofia. Watu wa nyumbani wausome vilevile, kwa kuwa sehemu kubwa ya mateso ya tiba hii haitoki kwenye dawa, inatoka midomoni mwa watu.

Hatua ya kwanza: Jipapase

Doa la jua hutambulika kwa vidole kabla ya macho. Pitisha ncha za vidole polepole kwenye paji la uso, pua, ncha za masikio, mdomo wa chini, shingo kwa nyuma, na mikono upande wa juu. Ngozi nzima huteleza. Doa la jua hukwaruza kama msasa. Ukilitazama kwa karibu utaona gamba dogo la rangi ya njano au kahawia, na chini yake wekundu. Ukilibandua, baada ya siku chache limerudi palepale. Gamba linalorudi palepale ni sababu tosha ya kupanda basi kwenda hospitali.

Madaktari huliita aktiniki keratosisi. Kilichotokea ni kwamba mionzi ya urujuanimno imeharibu maelekezo yaliyomo ndani ya seli za tabaka la juu la ngozi, nazo zimeanza kugawanyika ovyo. Mwenye melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, ana mwavuli ndani ya ngozi yake mwenyewe. Sisi hatuna. Doa bado si saratani, lakini baadhi ya madoa yakiachwa hugeuka kuwa saratani ya tabaka hilo la juu, ambayo ndiyo saratani ya ngozi inayowapata zaidi watu wenye ualbino barani Afrika. Hakuna anayeweza kuyatazama madoa kumi akakuonyesha lipi litageuka. Ndiyo sababu yote hutibiwa.

Doa lisichanganywe na kidonda. Kidonda ambacho mwezi umepita hakijapona, kinachotoka damu kikiguswa, kilichoota kinyama kigumu, au mdomo uliopasuka na haufungi, hivyo vyote havisubiri mwongozo wa gazetini. Nenda hospitali, kikatwe kipande, kipelekwe maabara. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatua ya pili: Kubali baridi, au kubali moto

Daktari wa ngozi ana silaha mbili kuu za madoa haya, na zote mbili zinauma. Atachagua moja kulingana na idadi ya madoa na mahali yalipo. Wakati mwingine atatumia zote.

Silaha ya kwanza ni baridi. Ni naitrojeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika, yenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Hiyo hiyo ndiyo hutunza mbegu za madume ya ng'ombe katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River, Arusha. Kliniki huiweka kwenye chupa ya chuma yenye mdomo mwembamba. Utakaa kwenye kiti, utapewa pamba ufunike jicho, na daktari atasogeza mdomo wa chupa karibu na doa. Utasikia mlio wa kupuliza na kuona mvuke mweupe. Ngozi inageuka nyeupe na kuwa ngumu, duara dogo la barafu likipita ukingo wa doa kwa milimita moja au mbili. Mwanzoni ni ubaridi tu, kisha unachoma. Barafu inapoanza kuyeyuka ndipo panapouma zaidi, na kama ni paji la uso, kichwa nacho kitaanza kugonga. Shika mikono ya kiti na upumue. Kila doa huchukua sekunde chache, na maumivu makali hupungua siku hiyohiyo. Maji yaliyomo ndani ya seli yameganda na kuzipasua. Hiyo ndiyo kazi uliyoifuata.

Baridi inafaa pale madoa yanapokuwa machache na yanahesabika. Ubaya wake ni kwamba naitrojeni haikai. Hugeuka hewa ikiwa ndani ya mtungi, kwa hiyo haiwezi kusubiri kabatini kwenye zahanati ya kijiji. Hufika huko siku ambayo kliniki tembezi imefika. Ukitangaziwa tarehe ya kliniki hiyo, shughuli nyingine zote zisogezwe.

Silaha ya pili ni moto, yaani krimu ya fluorourasili ya asilimia 5. Dawa hii ilitangazwa mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake huko Marekani kwa ajili ya kutibu saratani ndani ya mwili. Miaka ya 1960 ilipoanza, madaktari wakagundua jambo ambalo hawakulitafuta: wagonjwa waliokuwa wakipewa dawa hiyo, madoa yao ya jua yaliwaka, yakawa mekundu, kisha yakatoweka. Ndipo ikatengenezwa ya kupaka. Leo fluorourasili ya kupaka imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kazi yake ni ya ujanja. Inafanana na kiungo ambacho seli hukihitaji inapotaka kugawanyika. Seli inayogawanyika haraka huichukua kwa pupa, inashindwa kujijenga, inakufa. Seli iliyotulia haiguswi sana. Kwa hiyo utapaka paji lote la uso ukidhani una madoa matatu, na baada ya siku kumi yatawaka kumi na mawili. Hayo tisa hayakuletwa na krimu. Yalikuwa ndani ya ngozi yakisubiri zamu yao, na krimu imeyakuta.

Hatua ya tatu: Panga kalenda

Ukianza krimu, tenga wiki tatu au nne za kupaka na wiki nyingine mbili hadi nne za kupona. Tazama kalenda kabla ya kufungua tyubu. Kama una harusi ambayo wewe ni bwana au bibi harusi, isubiri ipite. Kama ni mahafali yako, yasubiri. Kama umeitwa kupiga picha ya kitambulisho cha taifa, kapige kwanza, maana sura hiyo utaibeba mfukoni kwa miaka. Msimu wa kulima na kupalilia nao haufai: jua likipiga ngozi iliyopakwa dawa hii, muwako huzidi.

Lakini ukishaahirisha kwa sababu ya harusi, usiahirishe tena kwa sababu ya arobaini, ubarikio na sherehe ya kumtoa mtoto nje. Sherehe za Waswahili haziishi. Chagua tarehe moja na umwambie mtu wa karibu, ili akuulize.

Omba barua ya daktari mapema kwa ajili ya mwajiri. Mwanafunzi apewe barua ya kumpelekea mwalimu wa zamu, asisimamishwe mstarini juani wala kupelekwa shamba la shule katika wiki hizo. Kwa kweli asipelekwe hata wiki nyingine.

Mwambie daktari kama una mimba, unatarajia kuipata au unanyonyesha. Krimu hii haifai hapo, na baridi itatumika badala yake.

Hatua ya nne: Paka kwa adabu

Osha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, ukaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha subiri kama dakika kumi. Paka tabaka jembamba kwa kijiti cha pamba au glavu, kwa kawaida asubuhi na jioni, pale tu daktari alipokuonyesha. Kaa mbali na macho, matundu ya pua na pembe za mdomo, ambako dawa hujikusanya na kuchimba. Ukipaka kwa kidole, nawa mikono papo hapo kwa sabuni, kabla hujagusa jicho, mtoto au sufuria.

Tyubu iwekwe juu, mbali na watoto na mifugo. Paka au mbwa akilamba krimu hii anaweza kufa. Usimpe jirani akajaribu kwenye chunusi zake. Na usiongeze dozi ili imalize haraka: tabaka nene halifupishi wiki hata moja, linaongeza vidonda tu.

Hatua ya tano: Zijue wiki zako

Wiki ya kwanza hakutakuwa na kitu. Utatazama kioo na kuona ngozi ileile, labda na wekundu kidogo mwishoni. Wengi hudhani wamepewa dawa feki. Endelea kupaka.

Wiki ya pili ndiyo yenyewe. Madoa yanawaka moja baada ya jingine, yanavimba, yanawasha na kuchoma. Maji ya kuoga yanauma. Jasho linauma zaidi. Utalala chali kwa kuwa mto unakwaruza shavu. Endelea kupaka.

Wiki ya tatu na ya nne ngozi inachubuka, inatoa majimaji, inafanya vigaga. Hapa sura ni mbaya kuliko siku zote, na hapa ndipo daktari hukuambia uache kupaka, kwa kuwa sasa seli mbovu zimekufa. Neno la kuacha ni lake. Lisiwe la kioo wala la shangazi.

Kisha, siku chache baada ya kuacha, mambo hubadilika haraka. Vigaga vinadondoka na chini yake kunatokea ngozi ya waridi, laini. Ipapase tena. Utasikia tofauti kwa vidole vyako mwenyewe.

Aliyepigwa baridi safari yake ni fupi zaidi. Lengelenge hutokea ndani ya siku moja au mbili, wakati mwingine likiwa na damu ndani. Usilitoboe kwa sindano ya kushonea. Liache, osha kwa maji na sabuni, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Kigaga hudondoka ndani ya wiki moja hadi tatu, usoni mapema kuliko mikononi.

Kuna dalili ambazo si sehemu ya safari hii, nazo ni sharti uzijue: usaha, homa, wekundu unaosambaa nje ya eneo ulilopaka, jicho kuvimba hadi kufunga, vidonda mdomoni, au kuharisha sana. Ukiziona, acha dawa na urudi hospitali siku hiyohiyo. Maana wapo watu wachache ambao miili yao haina uwezo wa kuivunjavunja dawa hii.

Hatua ya sita: Tembea na majibu mfukoni

Maumivu ya ngozi yana panadoli. Maswali ya watu hayana, kwa hiyo andaa majibu kabla hujatoka nyumbani.

Kondakta atasema: “Dada, umemwagikiwa na mafuta?” Mjibu: “Hapana kaka, ni dawa ya hospitali, inaondoa madoa ya jua. Haiambukizi.” Neno la mwisho lisikike hadi siti ya nyuma, kwa sababu ndilo wanalotaka kulijua wote.

Kijiweni watasema: “Bosi, mkorogo umegoma?” Wajibu: “Mkorogo unaondoa kinga ya ngozi. Mimi natibu ngozi iliyozaliwa bila kinga hiyo.” Katika kundi lile yumo anayetumia mkorogo au ambaye mkewe anautumia, na huenda jibu lako likamfikisha kwa daktari.

Shangazi atafunga safari kutoka mkoani aje kukuambia: “Mwanangu, hiyo dawa iache, itakuua.” Mwamkie kwanza: “Shikamoo shangazi.” Kisha mwambie: “Daktari alinieleza mapema kuwa wiki ya pili ingekuwa hivi. Kaa hapa hadi mwezi uishe, utaniona.” Shangazi akikaa, umepata mtu wa kukupikia na kukukumbusha saa ya kupaka. Akiona mwenyewe ngozi mpya inavyotokea, atakuwa mhubiri wa dawa hii ukoo mzima.

Mtoto atauliza bila kuzunguka: “Mbona uso wako una vidonda?” Huyu anastahili jibu bora kuliko wote: “Jua liliniunguza siku nyingi, sasa natibiwa. Ndiyo maana navaa kofia.” Watoto hulipokea jibu hilo mara moja na kuendelea kucheza.

Hatua ya saba: Jiko libaki jiko

Katika wiki ya pili kila jirani atakuwa tabibu. Utaletewa asali, manjano, ukwaju, mafuta ya nazi, majivu na dawa ya meno. Pokea kwa shukrani, weka asali kwenye chai, weka manjano kwenye mchuzi. Usoni visifike. Dawa ya meno juu ya ngozi iliyochubuka huichoma mara ya pili, na majivu huingiza uchafu kwenye kidonda.

Hatari kubwa zaidi ni tyubu za dukani, zile za “kutibu kila kitu” ambazo ndani yake mna steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Hutuliza wekundu haraka, na mtu hudhani amepona. Ukipaka steroidi kwa siri katikati ya dozi, daktari hataweza kusoma kinachoendelea usoni mwako. Kama muwako umekushinda, rudi kwake. Anazo njia za kuutuliza, na anaweza kukupumzisha siku kadhaa bila kuharibu tiba.

Hatua ya nane: Usirudi kununua ulichokilipia

Ngozi mpya ni changa. Ukiirudisha kwenye jua lilelile, baada ya miaka michache utakuwa kwenye kiti kilekile ukishika pamba kwenye jicho. Epuka jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni kadiri kazi inavyoruhusu. Vaa kofia yenye ukingo mpana unaozunguka kichwa chote; kepu ya mpira wa miguu huyaacha masikio na shingo nje, na masikio ndiko madoa yanakopenda kuota. Mikono mirefu, kitambaa kilichosukwa vizuri, kanga au mtandio shingoni. Wingu lisikudanganye, kwani sehemu kubwa ya mionzi hupenya.

Juu ya hayo, losheni ya kukinga jua, yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi na inayozuia mionzi ya UVA na UVB. Pakaa nusu saa kabla ya kutoka na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Pakaa ya kutosha. Ya kuonjaonja hailindi. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC ambako Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kimekuwa kikifundisha madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahususi kwa ngozi yenye ualbino na kugawiwa bure. Uliza kwenye chama cha watu wenye ualbino cha wilaya yako jinsi ya kuipata. Na urudi kliniki kupimwa kwa tarehe uliyopangiwa hata kama huoni kitu, kwa sababu vidole vya daktari vinajua kupapasa kuliko vyako.

Mengine hayamo mikononi mwa mgonjwa. Mtungi wa naitrojeni unapaswa kufika kila wilaya kwa ratiba inayojulikana. Krimu inapaswa kuwepo kwenye dirisha la dawa la hospitali ya mkoa, na losheni ya kukinga jua ihesabiwe kuwa dawa, isipangwe na vipodozi. Mtu mwenye ualbino anayekufa kwa saratani ya ngozi mara nyingi amekufa kwa ugonjwa uliotoa taarifa miaka mingi kabla, kwa gamba dogo ambalo kidole chochote kingelisikia. Sekunde chache za baridi zingeliondoa.

Kwa hiyo jipapase leo jioni. Ukikuta gamba, panga tarehe. Ukipewa krimu, ipake hadi daktari akuambie basi, hata kama uso unawaka na mtaa mzima unakuuliza. Na ukishapona, usiende kliniki peke yako tena. Mchukue mwenzako mmoja ambaye bado anaogopa, akuone ulivyo.